Richard Challoner: Mtoto wa Mjane Aliyewafundisha Watoto wa London Katekisimu



Wapendwa wazazi na walezi, masomo ya Komunyo ya Kwanza yanaanza tena, na kama kawaida maswali ni yale yale. Wengine wanauliza kama wamlete kanisani mtoto wa miaka mitatu asiyetulia, au wasubiri akue kidogo. Wengine walijifunza katekisimu kwa Kiswahili, chini ya mwembe wa parokia, na sasa hawajui wamfundisheje mtoto anayeota ndoto zake kwa Kiingereza. Wengine wanatoka kazini asubuhi baada ya shifti ya usiku, macho yanafumba, na Misa ni saa nne. Wanaona haya kusema, lakini moyoni wanaona kazi hii ya kumlea mtoto katika imani imewashinda, afadhali waiachie shule na padre.

Badala ya kuwajibu kwa hotuba, Jumapili hii tunawasimulia maisha ya mtu mmoja aliyelala katika jiji hili hili tunaloishi. Kaburi lake liko Westminster Cathedral, mwendo mfupi tu kutoka stesheni ya Victoria. Wengi wetu tumepita mbele yake bila kumjua. Anaitwa Askofu Richard Challoner. Tunamsimulia kwa sababu alikuwa mtoto wa mama mjane aliyefanya kazi katika nyumba za watu, na kwa sababu alifundisha watoto imani wakati ambapo kufanya hivyo lilikuwa kosa la jinai.

Mtoto wa fundi mapipa

Richard alizaliwa tarehe 29 Septemba 1691 katika mji mdogo wa Lewes, kusini mwa Uingereza, karibu na pwani. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza mapipa ya mvinyo. Familia haikuwa ya Kikatoliki. Walikuwa Waprotestanti wa Kipresbiteri. Richard alikuwa bado mdogo baba yake alipofariki, na mama akabaki na mtoto na mzigo wa kutafuta mkate.

Mama huyo, Grace kwa jina, akafanya lile ambalo akina mama wengi wa jumuiya yetu wanalijua vizuri. Alitafuta kazi ya nyumbani kwa watu wenye uwezo. Kwanza aliingia kwa familia ya Gage, huko Firle, si mbali na Lewes. Baadaye akawa msimamizi wa nyumba ya Bibi Anastasia Holman, huko Warkworth, katika eneo la Northamptonshire. Popote alipokwenda, alikwenda na mtoto wake.

Nyumba zote mbili zilikuwa za Wakatoliki. Hakuzichagua ili mwanawe apate dini. Alizifuata kwa ajili ya kazi. Lakini Mungu hupita pia katika mlango wa jikoni. Huko Warkworth aliishi padre mmoja, John Gother, aliyekuwa mwandishi mashuhuri wa vitabu vya dini. Padre Gother mwenyewe alizaliwa katika familia ya Kipresbiteri, kwa hiyo aliijua njia ambayo mtoto yule angepaswa kuipita. Alikuwa na kalamu yake, na wakubwa wa kuzungumza nao hawakukosekana. Hata hivyo, alitenga muda kwa mtoto wa mtumishi. Alimfundisha, alimjibu, alimwandaa, na Richard akapokewa katika Kanisa Katoliki akiwa na umri wa miaka 13 hivi.

Mwaka ule ule wa 1704 Padre Gother alifariki akiwa safarini baharini kuelekea Ureno. Hakuishi kuona kazi ya mikono yake. Hakujua kwamba mtoto aliyemfundisha katika nyumba ya watu angekuja kuwa mwalimu wa Wakatoliki wa Uingereza kwa zaidi ya miaka 200. Katekista yeyote, mzazi yeyote, anaweza kufarijika hapo. Mpanzi si lazima awe mvunaji.

Sheria iliyomgusa mtoto

Ili tuelewe uzito wa jambo hili, tukumbuke Uingereza ilikuwaje siku zile. Tangu mfalme Henry wa Nane alipotengana na Roma katika miaka ya 1530, Wakatoliki wa nchi hii walipita katika vipindi vikali. Mapadre wengi waliuawa. Katika utoto wa Richard, kuuawa kulikuwa kumepungua, lakini sheria mpya ilikuwa imetungwa, ikaanza kutumika mwaka 1700.

Sheria hiyo ilisema padre akishikwa akiadhimisha Misa afungwe maisha. Mkatoliki akifungua shule au akifundisha watoto, naye afungwe maisha. Aliyemchongea padre mpaka akahukumiwa alilipwa paundi 100, fedha ambayo kibarua wa kawaida asingeipata hata kwa kazi ya miaka kadhaa. Na mzazi aliyempeleka mtoto wake nje ya nchi akasome dini ya Kikatoliki alitozwa faini ya paundi 100.

Waliotunga sheria ile walijua jambo ambalo sisi wakati mwingine tunalisahau. Walijua kwamba Kanisa haliishi kwa majengo. Ukitaka kulimaliza, mkate mtoto na mafundisho yake. Ukizuia shule, ukamtia hofu katekista na kumfilisi mzazi, baada ya vizazi viwili hutakuwa na mtu wa kumfunga, kwa sababu hatakuwepo anayejua Baba Yetu.

Mwezi Julai mwaka 1705, kabla hajatimiza miaka 14, Richard alivuka bahari kwenda Douai, mji ulioko kaskazini mwa Ufaransa. Huko kulikuwa na chuo cha Waingereza kilichowaandaa mapadre kwa siri ili warudi nyumbani kuhudumia watu wao. Fikiria, mama mjane anamuaga mwanawe asiyejua atamwona lini. Wengi wetu tumeagwa hivyo uwanja wa ndege, na wengine tumewaacha watoto kwa bibi zao kwanza. Machozi ya namna hiyo hayana kabila.

Miaka 25 ugenini

Richard alikaa Douai miaka 25. Alisoma, akapata upadre tarehe 28 Machi 1716, akafundisha falsafa na teolojia, na kuanzia mwaka 1720 akawa makamu wa mkuu wa chuo. Alipata pia shahada ya udaktari wa teolojia. Maisha yake yalikuwa yametulia. Chakula kilikuwepo, maktaba ilikuwepo, Misa iliadhimishwa kwa kengele na uvumba bila woga.

Lakini chuo kile kilikuwepo ili watu warudi nyumbani. Mwaka 1730 akaomba na kuruhusiwa, akarudi Uingereza, akaja London. Alikuwa na umri wa miaka 38.

London aliyoikuta isingekuwa ngeni kwetu. Wakatoliki wake wengi walikuwa watu wa chini: vibarua, wachuuzi, watumishi wa majumbani, na kundi kubwa la Waayalandi waliokuja kutafuta maisha, wakabanana katika mitaa ya St Giles na huko Wapping karibu na bandari. Kwa sehemu kubwa Kanisa la London lilikuwa Kanisa la wahamiaji na maskini. Walizungumza kwa lafudhi iliyochekwa, na walilaumiwa kwamba wanachukua kazi za wenyeji.

Mahali pa wazi pa kusali palikuwa pachache. Mabalozi wa nchi za Kikatoliki waliruhusiwa kuwa na vikanisa vyao, na Wakatoliki wa jiji walijipenyeza humo. Kikanisa cha ubalozi wa Sardinia kilikuwa Lincoln's Inn Fields. Kingine kilikuwa Warwick Street. Kwingineko Misa iliadhimishwa katika vyumba vya kukodi, darini, na katika nyumba za watu. Inasimuliwa kwamba Padre Challoner alihubiri pia katika vilabu vya pombe, waamini wakiwa na vikombe vya bia mezani, ili mchongezi akichungulia aone walevi tu wanapiga soga.

Hakuvaa kanzu ya kipadre barabarani. Alivaa kama raia wa kawaida, na watu walimwita Bwana Challoner. Alihamahama kila ilipobidi. Alipanda ngazi za nyumba za maskini, akaingia magerezani, akaketi na wagonjwa. Na kila alipopata nafasi, aliwafundisha watoto na watu wazima ambao hawakuwahi kufundishwa.

Vitabu vya watu wasio na padre karibu

Padre mmoja hawezi kufika kila nyumba. Challoner aliona hilo, akageukia kalamu. Lakini hakuandika kwa ajili ya wasomi wenzake. Aliandika kwa ajili ya mama anayepika, fundi anayefunga duka usiku, na mtumishi asiyeruhusiwa kutoka Jumapili.

Mwaka 1737 alitoa kitabu cha kueleza sakramenti na ibada za Kanisa kwa lugha ya watu. Utangulizi wake ulimjibu msomi mmoja wa Kiprotestanti, Conyers Middleton, na majibu hayo yalimkera mheshimiwa huyo kiasi kwamba mwaka uliofuata Challoner alilazimika kuondoka London kwa muda. Wakati huo huo chuo cha Douai kilimtaka akawe mkuu wake. Askofu Benjamin Petre wa London naye alimtaka awe askofu msaidizi na mrithi wake. Njia ya kwanza ilikuwa ya heshima na usalama. Ya pili ilikuwa ya kujificha mpaka kufa. Alirudi London.

Mwaka 1740 kikatoka kitabu kilichompa jina, The Garden of the Soul, yaani Bustani ya Roho. Kilikuwa kitabu cha sala kwa mlei anayeishi katikati ya shughuli za dunia. Kilikuwa na sala za asubuhi na jioni, namna ya kuishiriki Misa, namna ya kuchunguza dhamiri, na maelekezo ya kuitakasa siku nzima ya kazi. Kiliuzwa na kuchapishwa tena na tena kwa vizazi vingi, hata Wakatoliki wa Uingereza wa namna ya zamani wakapachikwa jina la kitabu hicho.

Tarehe 29 Januari 1741 alipewa uaskofu, kwa siri, katika nyumba ya watawa huko Hammersmith. Hakuna maandamano, hakuna ngoma, hakuna vigelegele. Kisha aliendelea na kazi ile ile. Aliipitia upya Biblia ya Kiingereza ya Wakatoliki ili maneno yake yaeleweke na watu wa wakati wake, na tafsiri hiyo ndiyo iliyosomwa katika nyumba za Wakatoliki wanaosema Kiingereza mpaka karne ya 20. Aliandika pia maisha ya mapadre waliouawa kwa ajili ya imani, ili watoto wajue wametoka wapi. Mwaka 1758 Askofu Petre alipofariki, Challoner akawa Vikari wa Kitume wa London mwenyewe, mchungaji wa jiji na mikoa ya kusini, pamoja na makoloni ya Uingereza kule Amerika ya Kaskazini.

Katekisimu ya peni

Ndugu zangu, tufike sasa kwenye jambo linalotuhusu zaidi.

Mwaka 1772, akiwa mzee wa miaka 80, Askofu Challoner alitoa katekisimu fupi kwa ajili ya watu wake. Hakuitunga kutoka hewani. Alichukua katekisimu ya zamani iliyotoka Douai mwaka 1649, akaipunguza, akailainisha, akaipanga ili mtoto aweze kuishika kichwani. Kitabu hicho, baada ya kurekebishwa na waliomfuata, kilikuja kuuzwa kwa peni moja tu. Kikaitwa Katekisimu ya Peni. Toleo lililotumika mashuleni baadaye lilikuwa na maswali 370, na watoto Wakatoliki wa Uingereza waliyakariri mpaka miaka ya 1960.

Muundo wake tunaujua sisi sote tuliokaa kwenye madawati ya katekista huko nyumbani. Ni swali fupi na jibu fupi. Swali la kwanza kabisa linamuuliza mtoto ni nani aliyemuumba. Kisha linafuata jingine, na jingine, kama mtu anayepanda ngazi. Imani inafundishwa kwa Kanuni ya Imani, matumaini kwa sala, mapendo kwa amri za Mungu na za Kanisa, halafu zinakuja sakramenti. Na mwishoni mtoto anafundishwa namna ya kuiishi siku: afanye nini akiamka, aombe nini kabla ya kula, amkumbukeje Mungu kazini, alale vipi usiku.

Siku hizi wapo wanaoicheka njia ya kukariri. Ni kweli kwamba mtoto anahitaji kuelewa, si kuimba kama kasuku, na masomo ya sasa yanamsaidia kwa hadithi, picha na nyimbo. Lakini tujiulize kwa nini mzee yule alichagua njia ile. Aliwajua watu wake. Mama asiyejua kusoma angeweza kulibeba swali moja kutoka Misa ya siri hadi nyumbani. Angeweza kumuuliza mwanawe akiwa anakoroga chungu. Mchongezi angeweza kuingia na kupekua kabati lote asikute kitu, kwa sababu katekisimu ilikuwa kichwani mwa mtoto. Njia ile ilimfanya kila mzazi awe katekista, hata aliyechoka, hata asiye na elimu.

Hakuishia kwenye kitabu. Pamoja na sheria iliyotishia kifungo cha maisha, alisaidia shule za Kikatoliki kuanzishwa kimya kimya. Mwaka 1763 ilifunguliwa shule ya Sedgley Park huko Staffordshire kwa watoto wa watu wa kawaida ambao wasingemudu gharama za kusoma ng'ambo. Mwaka 1769 shule nyingine ikahamia Old Hall Green, Hertfordshire, kaskazini ya London, na shule hiyo ipo hata leo kwa jina la St Edmund's.

Mchongezi na moto

Usidhani hatari ilikuwa ya maneno tu. Katika miaka ya 1760 alitokea London seremala mmoja, William Payne, aliyeifanya zawadi ya paundi 100 kuwa biashara. Aliwafuata mapadre na kuwashtaki mmoja baada ya mwingine. Padre John Baptist Maloney alihukumiwa kifungo cha maisha huko Croydon mwaka 1767. Alikaa gerezani miaka kadhaa kabla ya kufukuzwa nchini. Askofu James Talbot, msaidizi wa Challoner, alifikishwa mahakamani Old Bailey, akaachiwa kwa kukosekana ushahidi. Challoner mwenyewe alishtakiwa, ingawa kesi yake haikuendelea.

Mwaka 1778 Bunge lililegeza kamba kidogo. Adhabu ya kifungo cha maisha kwa mapadre na walimu Wakatoliki ikaondolewa. Lakini wapo waliokasirika. Tarehe 2 Juni 1780 maelfu kwa maelfu ya watu wakiongozwa na Lord George Gordon waliandamana hadi Bungeni kutaka sheria hiyo mpya ifutwe. Jioni maandamano yakageuka ghasia zilizodumu karibu wiki nzima. Vikanisa vya ubalozi wa Sardinia na wa Warwick Street vilivamiwa. Kikanisa cha Wapping, walikosali Waayalandi maskini, kilichomwa. Nyumba za Wakatoliki zilibomolewa, vyombo vikatupwa barabarani na kutiwa moto. Mamia ya watu walikufa kabla jeshi halijautuliza mji.

Challoner alikuwa na miaka 88. Marafiki walimtoa nyumbani kwake wakampeleka Finchley, nje ya jiji siku zile, kwa familia iliyompa hifadhi, huku wahuni wakisemekana kumtafuta. Aliona kazi ya miaka 50 ikipanda juu kama moshi.

Alirudi London, lakini mwili ulikuwa umechoka. Mwezi Januari 1781 alipata kiharusi akiwa mezani. Inasimuliwa kwamba hakuweza tena kusema, isipokuwa neno moja la sadaka, akionyesha mfukoni mwake, ambako kulikuwa na fedha alizokabidhiwa kwa ajili ya maskini. Tarehe 12 Januari akafariki. Alizikwa katika kaburi la familia ya rafiki yake, ndani ya kanisa la Kianglikana huko Milton, Berkshire, kwa kuwa Wakatoliki hawakuwa na makanisa yao. Mchungaji Mwanglikana wa pale aliandika katika daftari la mazishi kwamba huyo aliyezikwa alikuwa mtu mcha Mungu, mwema na mwenye elimu kubwa.

Vikanisa vilivyochomwa vilikuwa majengo tu. Kile cha Warwick Street kilijengwa upya miaka kumi baadaye, na kanisa hilo liko mpaka leo nyuma ya Regent Street, ukuta wake wa mbele ukiwa wa kawaida sana ili usivute macho. Lakini katekisimu haikuungua. Ilikuwa imeshaingia vichwani mwa watoto.

Hadithi hii inatufikia sisi

Mwaka 1946 mabaki ya Askofu Challoner yaliletwa Westminster Cathedral, yakazikwa katika kikanisa cha Watakatifu Gregori na Augustino. Kanisa kuu hilo lilianza kujengwa mwaka 1895 na Kardinali Herbert Vaughan. Kardinali huyo ndiye aliyeanzisha mwaka 1866, huko Mill Hill kaskazini mwa London, shirika la wamisionari wa Mtakatifu Yosefu. Na mwaka huo huo wa 1895 wamisionari wa Mill Hill walifika Uganda, baadaye wakaingia magharibi ya Kenya. Wapo kati yetu ambao babu na bibi zao walibatizwa kwa mikono yao. Kanisa lililofundishwa kwa siri katika vyumba vya London ndilo lililotuma wajumbe mpaka Ziwa Nyanza, na sasa wajukuu wa waliobatizwa huko wanaleta watoto wao London.

Ndiyo maana tumewasimulia habari hizi. Siku hizi hakuna mchongezi mlangoni. Shule za Kikatoliki ziko wazi, na zinatuomba cheti cha ubatizo na wakati mwingine karatasi ya padre. Karatasi ambayo zamani ingekupeleka gerezani, leo inampatia mtoto nafasi ya shule. Si vibaya kuitafuta. Lakini tukija Misa mpaka karatasi isainiwe kisha tukapotea, mtoto anajifunza katekisimu nyingine kabisa, kwamba Mungu ni wa kumtumia ukiwa na shida. Watoto wanatusoma sisi kabla hawajasoma kitabu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi tuanze na madogo. Mtoto wa miaka mitatu aletwe Misani. Kilio chake hakimkasirishi Yesu, na akikaa mbele anapoweza kuona altare, mishumaa na padre, mara nyingi anatulia kuliko akikaa nyuma asikoona kitu ila migongo ya watu. Afundishwe ishara ya Msalaba kwa mkono wako ukiushika wake. Asali Baba Yetu kwa Kiswahili na wewe, hata kama shuleni anaisali kwa Kiingereza. Mungu anazisikia zote mbili, na mtoto atajua kwamba imani hii ilikuwepo nyumbani kwao kabla ya shule. Bibi aliyeko Bukoba, Kisumu au Bukavu anaweza kusali naye Salamu Maria kwenye simu Jumamosi jioni. Na wewe unayetoka shifti ya usiku, swali moja tu njiani kuelekea shuleni linatosha kwa siku hiyo. Haba na haba hujaza kibaba.

Na siku mkipata nafasi, wapelekeni watoto Westminster Cathedral. Mkiingia, kikanisa chenye kaburi la Askofu Challoner kiko upande wa kulia, jirani kabisa na mahali pa ubatizo. Mwonyesheni mtoto kaburi, kisha mwonyesheni kisima cha ubatizo. Mwambieni kwamba hapa amelala mtoto wa mama aliyefanya kazi katika nyumba za watu, ambaye siku moja padre alikaa chini akamfundisha.

Mungu awabariki wazazi wote, na Mama Bikira Maria awaombee watoto wetu wanaoanza masomo. Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele. Amina.